Nilivyoingia Ganze Mara Mbili

Kila mmoja wenu amenipigia simu kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Halima anajua habari za bunduki ya Jilore, Rehema anajua habari za mbuzi, na hakuna anayejua kwa nini niliondoka Malindi na ekzosi moja ndani ya gunia nikarudi na nyingine. Sasa nimeanza kusahau nimemwambia nani lipi. Basi nayaandika yote hapa, kwa mpangilio wa njia, ili nami niweze kulala.

Malindi, kwa Fundi Mbarak

Baba yangu alikuwa daktari wa mifugo wa Ganze kwa miaka mingi. Si daktari wa ofisini. Ni yule anayefika na kasha la barafu na sindano, akachanja mbuzi, akala alichopewa, akaondoka. Nyonga ilipomkataza kupanda pikipiki alibaki nyumbani Malindi, na mwaka huu kazi ile ile ikaniangukia mimi pamoja na pikipiki yenyewe. Jinsi nilivyoipata na makaratasi yake nayaruka. Yalinichosha vya kutosha nilipoyajaza.

Pikipiki ile ni ya zamani kuliko ndoa ya wazazi wangu. Injini yake hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo hutoa moshi wa buluu, na ekzosi yake ya asili ilikuwa imeoza. Tumboni ilikuwa na tundu ambalo Baba aliliziba kwa kipande cha kopo la mafuta ya kupikia akakizungushia waya. Matokeo yake ilikuwa na sauti ambayo sijaisikia kwingine: ilikohoa, ikacheka, ikakohoa tena. Nilipokuwa mdogo, ilipowashwa alfajiri nilijifunika shuka usoni, kwa sababu nilijua mtaa mzima umeamka na unajua ni kwetu.

Aliponikabidhi ufunguo, Baba alisema, "Taa badilisha ukitaka. Kiti badilisha. Ekzosi usiguse."

Sikuuliza kwa nini. Mnanijua. La kuuliza kwa mdomo huliuliza kichwani, nikajijibu mwenyewe majibu manne, kisha nikaliamini lile linalonitia majonzi zaidi. Jibu nililolichagua ni kwamba Baba anazeeka na anataka kitu kimoja kibaki kama kilivyokuwa. Nikamwonea huruma siku nzima. Siku ya pili nikaipeleka pikipiki kwa fundi, maana mimi ndiye nitakayepita katikati ya watu na kelele ile, na sipendi kutazamwa.

Karakana ya Fundi Mbarak ina ekzosi darini, zimening'inia kama popo: ndefu, fupi, zenye tumbo, za pikipiki ambazo hazitengenezwi tena popote. Ana kijiko cha kugongea. Anagonga, anasikiliza, anatikisa kichwa, anagonga nyingine.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karisa hajambo? Nyonga yake?"

"Hajambo. Nataka ekzosi isiyopiga kelele."

Akainama akaitazama ile kuukuu, akacheka taratibu. "Ya asili yake huipati. Hata kiwanda kimeshasahau kwamba kiliitengeneza. Nitakupa mbadala." Akashusha moja nyeusi, nene. "Hii ilikuwa ya bodaboda. Nitaikata shingo, niichomelee kola iingie kwenye injini yako, niitengenezee na kishikio. Ndani nimetia vyumba vitatu. Moshi unaingia ukipiga makelele, unatoka umetubu."

"Nguvu haitapungua?"

"Mlimani, kidogo. Injini hizi zimezoea kupumua kwa njia yake. Ukizibadilishia pua, zinanuna." Akaniangalia juu ya miwani. "Babako anajua?"

"Anajua."

"Wallahi?"

"Anajua, fundi."

"Haya." Alipomaliza kazi alinipa ile ya zamani mkononi. "Hii ichukue. Mimi chuma cha mtu sikitupi."

Nyumbani sikuweza kuificha, kwa hiyo niliifunga ndani ya gunia nikaifungia kwenye keria kwa mipira. Niliondoka nayo saa kumi na moja alfajiri, chini ya dirisha la Baba lililokuwa wazi. Injini ilinong'ona tu. Nikajipongeza.

Kabla hatujaondoka Malindi lazima mjue nilichobeba. Ndani ya kasha la barafu mlikuwa na chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi. Chanjo hiyo ikipata joto haifai tena, na barafu yangu ingestahimili mpaka saa kumi jioni. Kasha jingine lisingepatikana mpaka baada ya mvua, na ugonjwa ulikuwa umeshaonekana ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimemtumia ujumbe Mama Nyevu, ambaye mbuzi wa kijiji hukusanywa kwenye zizi lake, nikamweleza siku na saa. Alijibu maneno matatu: "Sawa, njoo tu."

Ndani ya mkoba wa Baba nilikuta pia pakiti ya chumvi ya mawe, ile ya Gongoni. Nikafikiri alisahau kuipeleka jikoni. Kisha nikafikiri labda ni ya kumpa mtu. Nikafikiri mara ya tatu, nikaona kunakucha, nikaiacha humo humo.

Ganda

Nitawaelezaje asubuhi ile? Sijawahi kusafiri kimya kimya namna ile. Lami ilipoisha na mchanga mwekundu ukaanza, ukungu ulikuwa umelala kiunoni mwa mikorosho, na mimi nilikuwa nikipita ndani yake kama ninayeota. Nilisikia umande ukidondoka kutoka jani hadi jani. Nilisikia ndani ya nyumba mtu akichochea moto, mwingine akimwita Kahindi aamke. Mbwa alininusa ndipo akajua nimefika, akasahau kubweka. Nilipita kati ya mahindi machanga na hakuna uso uliogeuka, na moyo wangu, ambao kwa kawaida huamka kabla yangu, ulitulia. Nikasema, hivi ndivyo watu wengine wanavyoishi.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja na dumu la maji kichwani, katikati ya njia. Nilidhani ananisikia. Nilipomkaribia ubavuni aliruka, dumu likaruka nalo, maji yakatuloanisha sote wawili.

"Weee! Mama yangu! Unakuja kama jini?"

"Samahani, mama. Nisamehe sana."

"Samahani ya nini, piga honi!"

"Honi imekufa."

"Basi imba!" Akaanza kucheka, mkono kifuani. "Mtu huja na kitu chake bwana, wayo, mluzi, hata kikohozi. Wewe mzima mzima hivi, hata kikohozi huna?"

Nilimsaidia kujaza upya kwenye bomba, na foleni ya pale ilinila dakika arobaini. Nilipoondoka niliimba kidogo, kwa heshima yake, mpaka nikaisikia sauti yangu nikaona haya.

Jilore

Kabla ya Jilore kuna mwinuko, na hapo ndipo injini iliponuna. Haikuzimika. Ilikataa tu kupanda, ikilia chini kwa chini kama mtu anayevuta kamasi, na pikipiki ikaanza kurudi nyuma ingawa mimi nilikuwa nimekusudia kwenda mbele. Nikaisukuma mpaka kwenye kibanda cha chai chenye vijana wa bodaboda wanne, nikaagiza mahamri na mbaazi za nazi ili nionekane nimesimama kwa hiari yangu.

Mbaazi zilikuwa nzito, nazi imeiva mpaka imetoa mafuta yake juu. Lakini mama muuzaji aliniwekea sahani kwa mkono ulionyooshwa sana, kisha akarudi nyuma. Wale vijana wakahamisha benchi. Mmoja wao, Katana, mrefu mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akasogea kwa adabu ambayo sikuistahili.

"Afande, tukusaidie?"

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na afande.

"Mimi?"

"Hatuna habari zozote za makaa ya msituni, afande. Sisi ni abiria tu."

Nikafuata macho yake hadi kwenye keria. Gunia refu, jembamba huku, nene kule, limefungwa vizuri. Mtu anayekuja kimya, amebeba kitu cha umbo la bunduki, akaketi akala bila kusema na mtu! Nililifungua mbio mbio hata mpira mmoja ukakatika.

"Ni ekzosi! Ni ekzosi tu!"

Kibanda kizima kilipumua, kisha kikacheka mpaka mama muuzaji akafuta machozi kwa kanga. "Nami nimekupunjia mbaazi, mwanangu, nilidhani utakula bila kulipa," akasema, akaniongezea upawa mzima.

Katana hakucheka sana. Aliishika ile ekzosi, akapitisha kidole kwenye lile kopo na waya. "Hii si ya daktari wa mbuzi?"

"Ni baba yangu."

"Mbona umeivua?"

"Imeoza. Na ina kelele."

Akanitazama, akaitazama pikipiki. "Haya, dada. Wewe ndiye mwenye shule."

Maneno hayo niliyabeba mpaka Ganze, nikiyageuza huku na huku. Lakini kwanza alinisafishia plagi iliyojaa masizi, akafungua kabureta, akapunguza mafuta kidogo kidogo huku akisikiliza, akanikataza kupanda mlima kwa gia kubwa. Tulipomaliza jua lilikuwa juu ya vichwa. Nilifungua kasha: barafu ilikuwa imeanza kuogelea.

Ganze, mara ya kwanza

Njia inaambaa na msitu kisha inauacha, na nchi inakauka hatua kwa hatua. Kijani kinakuwa kijivu, kijivu kinakuwa vumbi. Nilipita watu wanaotembea na mizigo ya makaa na madumu matupu, umbali ambao ulinitia aibu mimi niliyekaa. Niliwasalimu wote, na wote walishtuka.

Mwinuko wa mwisho una bwawa lililokauka, udongo wake umepasuka kama ganda la mkate. Ukifika hapo unakiona kijiji chote chini na bonde lote nyuma yake. Nilizima injini niteremke kwa uzito wa pikipiki tu, kuokoa mafuta. Nikaingia bila sauti yoyote, saa nane kamili. Boma lilikuwa limelala kwenye joto. Kuku hakuinua kichwa. Zizi lilikuwa wazi, na ndani yake hamkuwa na mbuzi hata mmoja.

Mama Nyevu alikuwa kivulini, ameinama, anachambua mtsunga, ile mboga chungu ya porini. Ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayekaribia kucheka au kukukaripia na hajaamua.

"Shikamoo, mama."

Ungo ukamwanguka. "Marahaba! Umetoka wapi wewe? Umekuja na nini?"

"Mimi ni Kadzo, wa Karisa. Nilikutumia ujumbe. Nimekuja na pikipiki."

"Pikipiki gani?"

"Ya Baba, hii hapa."

Akainuka, akaizunguka mara mbili. "Siyo. Ya babako huingia hapa kabla yake mwenyewe."

"Mama, mbuzi wako wapi?"

"Wako bondeni na wachungaji. Watarudi jua likizama."

Jua linazama baada ya barafu. "Lakini nilikuandikia saa!"

"Uliandika. Nikasema njoo tu. Sasa umekuja?" Akanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Babako hakuandika saa, na barabara hii nani ajuaye saa? Akifika pale bwawani tunamsikia sisi, wanamsikia wachungaji, mbuzi nao wanasikia. Mbuzi ndio huwa wa kwanza kugeuka. Kabla hajateremka, zizi limejaa."

"Mbuzi wanakuja kuchanjwa wenyewe?"

"Mbuzi gani anapenda sindano, wewe! Wanakuja kwa chumvi. Akishamchoma anamwachia chumvi kwenye jiwe lile. Miaka yote. Hata vitoto vinafundishwa na mama zao." Akanikazia macho. "Chumvi umeleta?"

Nilisimama pale na pakiti ya Gongoni mkobani, na mambo yote niliyoyafikiri juu ya uzee wa Baba yakanirudia moja moja. Kwenda kuwatafuta mbuzi bondeni kwa miguu kungenichukua saa mbili, na kuwakusanya nyingine mbili. Barafu ilikuwa na saa mbili peke yake.

"Ile sauti yenyewe umeitupa?" aliuliza Mama Nyevu, safari hii kwa upole.

Nikaenda kwenye keria nikaleta gunia.

Ganze, mara ya pili

Kubadilisha ekzosi si kazi kubwa kwa mtu aliyetulia. Mimi nilidondosha spana mara tatu. Ile mbadala ilikuwa ya moto, nikaungua kidole hiki mnachoniuliza. Mama Nyevu aliishikilia kwa kanga iliyolowekwa maji huku mimi nikifungua nati, akiniuliza kama nimeolewa, akinijibia mwenyewe. Kishikio cha Fundi Mbarak hakikukubali ile ya zamani, tukaifunga kwa waya wa uzio na ule mpira uliokatika Jilore.

Nikapiga kiki. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ikakohoa, ikacheka, ikakohoa.

Kuku wakatawanyika. Mlango ukafunguka, na mwingine, na nyuso zikatoka, zote zikinitazama mimi. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo nizime.

"Weee, usizime! Rudi bwawani!" Mama Nyevu alipiga kelele sikioni mwangu. "Rudi ukaingie vizuri!"

Basi nilipanda tena mwinuko ule, safari hii injini ikivuta kama ng'ombe aliyenusa maji, bila kununa hata kidogo. Juu kwenye bwawa kavu niliigeuza pikipiki nikasimama. Sauti ilinitoka chini ya miguu, ikaenda mbele yangu juu ya vichaka, ikagonga ng'ambo ya bonde, ikarudi ikiwa kubwa zaidi. Vumbi lilikuwa la dhahabu. Kwa kitambo hapakutokea kitu, nami nikawa na wakati wa kufikiri kwamba mbuzi wameshasahau, kwamba wale wanaokumbuka wamekufa, kwamba mbuzi haishi miaka mingi kiasi hicho.

Kisha bonde lilisogea. Sijui niseme vipi. Nilichodhani ni mawe kilianza kutembea. Madoa meupe, madoa ya kahawia, kengele moja ndogo, halafu nyingi, yakachuruzika kutoka pande zote kuelekea mahali pamoja, bila kukimbia sana, kama watu wanaokwenda kwenye harusi waliyoalikwa. Wachungaji walikuwa nyuma yao, wakinyoosha fimbo wasizohitaji. Niliteremka polepole nikilia, lakini kelele ilikuwa kubwa hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi tu. Mama Nyevu alikamata, nilichoma, tukaachia, nikatia chumvi kwenye jiwe. Bibi mmoja aliyechelewa, hawe wanavyomwita kule, alikuja na mbuzi wake mmoja mwekundu, anayechechemea, akanishika bega bila kunitazama vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho.

"Umechelewa sana wewe," akanikaripia. "Nyonga imepona?"

"Bado, hawe. Mimi ni mwanawe."

"Najua," akasema. "Nimesema umechelewa." Akamsukuma mbuzi mbele.

Chupa ya mwisho niliimaliza kwa mbuzi wake, na barafu iliyobaki ilikuwa ya kutosha kupoza kidole changu. Tulikula wari, ugali wa kule, na mtsunga, uchungu wake ukitulizwa na maziwa mala, nikalala kwa Mama Nyevu usingizi usio na swali hata moja.

Kilifi, mpaka nyumbani

Nilirudi kwa njia ya Kilifi ili nipate lami. Njia nzima watu waligeuka. Watoto wa shule walinipungia mikono. Nilikuwa natazamwa kutoka Ganze hadi baharini, na nawaambieni kweli, baada ya kilomita kumi mtu huzoea. Kilifi nilinunua viazi karai na ukwaju, na pale kwenye mafuta kijana wa pampu alijiziba masikio.

"Dada, pikipiki hii inataka sailensa!"

"Ninayo," nikasema, nikampigia gunia kofi.

Kutoka pale hadi Gede nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Baba. La kwanza lilianza na fundi, la pili lilianza na kutu, la tatu lilianza na msamaha na lilikuwa refu mno. Nilipoingia mtaani kwetu, jua bado lipo, nilikuwa nimechagua la tatu.

Lango lilikuwa limeshafunguliwa. Kikombe cha chai kilikuwa juu ya kiti, kimefunikwa sahani. Baba alikuwa kwenye kiti kingine, mguu ameunyoosha. Nikazima injini.

"Yule mwekundu wa hawe," aliuliza, "bado anachechemea?"

"Bado. Baba, kuhusu ekzosi..."

"Jana asubuhi nilikuwa macho nikingoja uondoke. Nikangoja. Sikusikia kitu." Akakiondoa kifuniko, akanisogezea chai. "Nikajua. Na Mbarak chuma cha mtu hakitupi, nikajua ya zamani unayo."

"Mbona hukunipigia? Ungenipigia hata ningekuwa Ganda!"

"Ungefika Ganze lini? Ningekwambia, ungekaa Ganda wiki nzima ukifikiri." Akakitazama kidole changu kilichoungua, kisha ule waya wa uzio, akaugusa kuona kama umekaza. "Nikasema acha mbuzi wamwambie."